Pindo la Mukabalisa

Mimi ni Shadia, Maman Teta, fundi cherehani wa Kamembe. Wanaonijua watakuambia yule mama ana mdomo. Ni kweli, nina mdomo, na sijawahi kuuombea msamaha. Lakini tangu Jumapili iliyopita nimekaa kimya mpaka wateja wananiuliza kama jino linaniuma. Si jino. Nina aibu, na nisipoisema itanikaba.

Nianze na pindo, maana bila pindo hutaelewa kitu.

Kitenge kikitoka kiwandani, ukingoni mwake kuna ukanda mwembamba, na ndani ya ukanda huo wameandika maneno ya Kiingereza. Hilo ndilo pindo. Waksi ya kweli, kile kitenge cha bei kubwa kisichochuja rangi, pindo lake linaapa kwamba hii ni waksi ya kweli. Kitenge cha kuiga nacho kina pindo lake, ila linataja jina jingine, na herufi zake zimekaa vingine. Sasa mwanamke wa huku kwetu, awe wa Kamembe, awe wa Bukavu ng'ambo ya mto, hata kama hakumaliza darasa la kwanza, pindo analisoma. Analisoma kwa macho, kwa dole gumba, hata kwa kunusa. Kuna wateja wanaokuja kwangu na kusema, Maman Teta, usilikate, liache lionekane pale chini ya sketi, watu wajue. Wengine hawalitaki. Hao nalikata na kulitupia kwenye gunia lililo chini ya cherehani. Mapindo hatuyatupi. Ni imara kushinda kamba ya dukani. Nafungia vifurushi vya wateja, jirani anakuja kuomba la kufungia mbuzi, maisha yanaendelea.

Binti yangu Teta amekulia juu ya gunia hilo. Leo ni mwalimu, anafundisha Kiingereza sekondari, lakini sindano aliishika kabla ya kalamu. Akampata Nasiri, kijana anayechomelea milango na madirisha hapa mjini, mtulivu, swala zake hazimpiti. Mama yake Nasiri anaitwa Mukabalisa, mjane, mkulima wa muhogo kule Nzahaha. Mimi sikuwa na neno. Mwenye neno alikuwa Tumukunde.

Tumukunde ni wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, anauza vitenge sokoni. Kwetu baba akifa shangazi ndiye baba, na huyu alikaa kwenye kiti hicho akakijaza. Siku moja alikuja nyumbani tunapanga mambo ya posa, akaanza:

"Wifi, bale bantu ba Nzahaha, nakuambia, watatuletea kikwembe cha kufua mara moja rangi inaenda. Mkaja wako wewe, mama uliyezaa kwa uchungu! Nitasoma pindo mbele ya bantu bote. Likiwa la uongo, wanarudi na valizi yao."

Mkaja unaujua. Ni kile kitambaa cha mama wa bibi arusi, heshima ya tumbo lililofungwa baada ya kuzaa. Wakwe hawawezi kuja bila mkaja, na kwetu shangazi ndiye anayeufungua na kusoma pindo kwa sauti, wanawake wapige vigelegele.

Na mimi nilijibu nini? Nilicheka. Nilicheka nikapiga paja. Nikasema, "Wakiniletea cha uongo, nitapigia deki." Teta alikuwa pale pale anapiga pasi. Hakuinua kichwa. Mimi nikadhani hakusikia, kumbe mdomo wangu ulishamwaga.

Basi, Jumapili ikafika. Asubuhi ile unajua ilikuwa ya nini? Ya vurugu. Turubai limefungwa uani, viti vya kukodi, sambusa zinaungua jikoni, huyu anauliza sukari, yule anauliza mkeka. Nikavaa sketi yangu mpya ya waksi, ile ya zambarau, na nilipoinama kuokota kikombe, lastiki ikakatika. Pwa! Sketi ikashuka magotini. Nikajisema, Shadia, fundi wa mji mzima, uko na kiuno wazi siku ya posa ya mwanao. Hakukuwa na muda wa kushona. Nikatia mkono kwenye gunia, nikavuta pindo lililokuwa juu juu, nikajifunga kiunoni mara mbili, fundo, blauzi juu yake, nikatoka nje natabasamu.

Wakwe wakaja na heshima zao. Mukabalisa alikuwa mbele, mwembamba, mtandio mweupe, viganja vya mtu wa jembe. Nasiri nyuma yake na valizi, sanduku la zawadi za posa. Msemaji wao alikuwa Papa Bashige, jirani yao, mtu aliyezaliwa Bukavu, sauti kama ngoma. Msemaji wetu alikuwa Mzee Anastase, jirani yangu. Ni Mkatoliki, lakini kwa maneno hana dini, na kila harusi ya mtaa huu tunamwazima. Unajua mambo ya wasemaji. Upande wa msichana unatega, upande wa mvulana unategua, watu wanakunywa chai na kuhukumu.

Anastase akasimama, akavuta koti.

"Bakwe betu, karibuni. Binti yetu anafundisha Kiingereza. Hatuwezi kumutoa kwa bantu basiojua hata neno lake moja. Sitaki neno gumu. Nataka lile tunalolisikia kila siku pale darajani, Rusizi ya Pili. Muuza nyanya analisema, polisi analisema, mutoto wa shule analisema. Boda! Mutuambie, hilo neno maana yake nini, na lilitoka wapi. Mukishindwa, njia muliyokujia munaijua."

Watu wakacheka. Mimi nilimtazama Mukabalisa nikaona ametulia tu. Bashige naye akainuka polepole, akakohoa, akajibu kama mtu aliyekuwa analisubiri swali hilo tangu azaliwe.

"Mzee Anastase, asante kwa swali. Wewe ukisikia boda unawaza daraja, unawaza kadi na mihuri na foleni ya wamama na ndoo zao. Sikulaumu. Lakini lile neno halikuzaliwa na bunduki. Lilizaliwa ubao. Zamani sana, ubao wa ubavu wa mashua. Wafaransa wakasema bor. Hata leo, ukipanda boti pale Cyangugu, si wanakuambia ingia abor? Njo lenyewe, ndilo hilo! Kisha bashonaji bakaliona, bakalipenda, bakalipeleka kwenye nguo. Likawa lile pambo la kuzunguka ukingo. Maman Teta hapa ni fundi, analiitaje?"

"Bordire," nikasema, na wanawake wakapiga makofi, na mimi nikavimba kichwa.

"Bordire! Waingereza bakalipata kwa Wafaransa, bakalitengeneza kwa midomo yao, likawa boda. Boda ya nguo. Boda ya sahani, ule mstari wa maua. Boda ya bustani. Na wakubwa nao bakalichukua, bakalilaza juu ya udongo, bakaweka na askari. Lakini kazi yake ile ya nguo haikufa, Mzee. Kwenye nguo, boda haifukuzi muntu. Inashika nyuzi zisifumuke. Kwa hiyo sisi ba Nzahaha tumekuja kuomba hiyo kazi. Tunaomba kuwa pindo la nyumba hii."

Ehee! Uani palilipuka. Hata Anastase alitingisha kichwa kwa raha. Mimi nilijua kabisa maneno hayo yametoka wapi. Teta alikuwa amekaa kwenye mkeka, mtandio umeshuka hadi kwenye nyusi, anatafuna tabasamu. Mwalimu alikuwa amewapa wakwe mtihani na majibu yake. Nikasema moyoni, huyu msichana anampenda kijana wake. Nikafurahi, wallahi nilifurahi.

Laiti wangeishia hapo. Lakini Anastase hapendi kushindwa hivi hivi.

"Maneno yako matamu, Papa Bashige. Lakini maneno hata kasuku anayo. Ushahidi uko wapi?"

Na Bashige, makofi yakiwa yamempanda kichwani, akanyoosha mkono. "Ushahidi? Uko kwenye valizi! Maman Nasiri, toa mukaja wa mama, tubaonyeshe boda ya asili."

Mukabalisa akasita. Niliuona ule mkono ukisita juu ya kufuli, nikawaza ni haya ya mgeni. Akafungua, akatoa kitenge kilichokunjwa vizuri. Cha kijani, kina kuku wa manjano. Kizuri, usinielewe vibaya. Tumukunde hakungoja apewe. Alikichukua, akatafuta ukingo, akaunyanyua juu ya macho yake.

"Waksi ya kweli!" akatangaza, na ungesikia sauti yake ungejua haamini. "Bamama, ni waksi ya kweli!"

Vigelegele. Mimi mwenyewe nilipiga. Katikati ya kelele zile nilimwona Mukabalisa amekunja uso, midomo yake inasema kitu. Aliyekaa karibu naye baadaye aliniambia alikuwa anasema, apana, apana, si hicho. Nani alimsikia? Bashige alikuwa ameshashika ukingo wa kitenge kwa mikono miwili.

"Mutazame! Hii njo boda. Ukivuta, haifumuki!"

Akavuta.

Nimeshona miaka mingi. Ule mlio naujua hata usingizini. Trrr. Pindo lote likabaki mkononi mwa Bashige, kitenge kikaanguka kwenye mkeka, na kwenye ukingo wake vijiuzi vikasimama.

Kwanza hakuna aliyeelewa. Kisha Tumukunde akaelewa.

"Wezi!" akapiga kelele. "Mumekata pindo la waksi ya bantu, mukalishonea kwenye kitambaa cha bure! Mumekuja kutudanganya kwenye nyumba ya marehemu kaka yangu! Astaghfirullah!"

Wanawake wakashika vinywa. Simu zikatoka. Bashige bado ameshika lile pindo, hajui aliweke wapi. Na Mukabalisa, jamani! Alikuwa anakitazama kitenge chake kama mtu anayetazama mtoto wake amerudi amenyolewa na watu asiowajua. Nikamwonea huruma kidogo, kidogo tu, maana na mimi nilikuwa naanza kupandisha hasira.

"Fundi yuko hapa!" Tumukunde akasema, akanirushia kitenge mapajani. "Wifi, sema. Babaambie kama huu si mushono wa wizi."

Nikakigeuza. Nikatafuta vile vipande vya uzi vilivyobaki.

Ulikuwa mshono wa mkono. Mishono midogo, karibu karibu, inarudi nyuma kila baada ya hatua, na yote imelalia kushoto. Mkono wa kulia haulazi uzi hivyo. Mwishoni kulikuwa na fundo, lile fundo la kupitisha uzi mara mbili ndani ya kitanzi chake na kulizamisha upande wa ndani. Fundo lile mimi ndiye niliyelibuni. Nimemfundisha mtu mmoja tu. Nilimchapa vidole vya mkono wake wa kushoto nikitaka atumie wa kulia, nikachoka, nikamwacha. Na uzi ule wa kijani ulitoka kwenye kibiringo kilicho juu ya cherehani yangu.

Waliosema aibu ya maiti aijuaye mwosha hawakukosea. Watu wote uani walikuwa wanamtazama Mukabalisa. Mimi peke yangu nilikuwa namtazama Teta. Na Teta alikuwa ananitazama mimi, macho makavu, anangoja. Nasiri ameinamisha kichwa, kumbe naye anajua.

Nikuambie ukweli? Nilitaka kunyamaza. Ilikuwa rahisi sana. Ningesema, ndiyo, ni wizi, na ndoa ingefia pale, Mukabalisa angerudi Nzahaha na jina la mwongo mpaka kaburini, na nyumba yangu ingebaki safi. Ningesema kweli, basi mwizi ni mwanangu, mwalimu wa batoto ba watu, na mshono ni wa karakana yangu. Ulimi wangu ambao haujawahi kukosa la kusema ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia.

"Wifi, sema!"

"Uzi ni wangu," nikasema.

"Unasema nini?"

"Nasema uzi huu ni wa kwangu. Na mkono ni wa nyumba hii. Maman Nasiri hajashona hapa hata tundu moja. Mwacheni."

Teta akasimama. Hakungoja nimtaje. Alisema yote wima, kama yuko mbele ya darasa. Mukabalisa alipoacha valizi kwa Nasiri wiki ile, yeye alimwomba Nasiri amwonyeshe mkaja. Aliuona. Akajua shangazi atasoma nini. Akalikata pindo lake, akachukua pindo la waksi kwenye gunia langu, akalishona usiku bila Mukabalisa kujua.

"Sasa mwanangu," Tumukunde akasema, na sauti sasa imekuwa asali, "kama ulikuwa unawaonea haya bakwe zako, si ungeniambia mimi shangazi yako?"

Teta akamgeukia.

"Shangazi, mimi sikuona haya juu ya bantu ba Nzahaha. Niliona haya juu yetu. Nilijua mutacheka. Maman alishasema kitenge chao atapigia deki. Sikutaka Maman Nasiri ajue mimi ni mutoto wa bantu ba namna hiyo."

Ningepewa kofi lisingeniuma vile. Wote walinigeukia. Mukabalisa pia alinigeukia, na hapo ndipo alipojua kuhusu deki, mbele ya mabakuli ya sambusa na wageni wake wote. Nilitamani turubai liniangukie.

Anastase akajaribu kutuokoa. Akasema watoto wa siku hizi wana mapenzi mengi, Teta alichotaka ni kusaidia tu, tunywe chai. Mukabalisa akainua kiganja, na mzee wa maneno akakaa chini.

"Nani aliomba musaada?" Mukabalisa akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo, tulilazimika kuinama ili tusikie. "Mimi kile kitenge nilikinunua nikijua ni cha namna gani. Sina macho? Pindo lake lilikuwa linasema wazi. Nilitaka lisomwe vile vile. Muntu akilisoma ajue, huyu ni Mukabalisa, ameleta kile alicho nacho, hakukopa, hakudanganya. Sasa mumenikatia pindo langu, mukanivalisha la bengine, na nimeitwa mwizi mbele ya mutoto wangu. Mimi naomba kitu kimoja. Pindo langu liko wapi?"

"Nilitupa kwenye gunia, Maman," Teta akasema. Sasa alikuwa analia. "Juu kabisa. Naenda kulileta."

Akakimbia ndani, akarudi anaburuta gunia, akalimwaga kwenye mkeka. Mapindo ya mji mzima yakatawanyika: mekundu, meusi, ya bluu, yenye herufi kubwa na ndogo. Akapiga magoti anachambua kwa mikono miwili. Nasiri akaja naye akapiga magoti. "Lilikuwa jeupe," Teta anasema, "jeupe lenye herufi za bluu, na kijani kidogo pembeni. Lilikuwa juu. Mimi mwenyewe nililiweka juu."

Juu.

Mkono wangu ulienda kiunoni wenyewe, kabla akili haijafika. Asubuhi. Lastiki. Gunia. Pindo la juu juu.

Ningeweza kuacha watafute. Shetani alinikumbusha hilo pia. Lakini nilikuwa nimechoka, unajua kuchoka? Nikasimama, nikanyanyua ncha ya blauzi yangu kidogo tu, kiasi cha wanawake kuona. Jeupe, herufi za bluu, na kando yake kijani, na kwenye kijani ule mguu wa kuku wa manjano.

Mukabalisa akasogea. Akainama karibu na tumbo langu, akalisoma kwa dole gumba lake gumu, herufi kwa herufi, kama sisi sote tusomavyo.

"Njo lenyewe," akasema. Akanyoosha mkono. "Nipe."

"Siwezi, Maman Nasiri."

"Huwezi?"

"Nikilifungua, sketi inaanguka."

Mtu mmoja nyuma alitoa kicheko, akakimeza. Hakuna mwingine aliyecheka. Nami nikasema, maana kama ni kuvuliwa nilikuwa nimeshavuliwa, "Nilisema kitenge chako nitapigia deki. Na tangu asubuhi pindo lako ndilo linalonisitiri. Nimewapokea nalo. Nimepiga vigelegele nalo. Mimi Shadia sina la kujitetea. Mlikuja kutuomba, sasa sisi ndio tunaoomba. Mtoto wetu utamchukua, au umemkataa?"

Teta aliacha kuchambua. Nasiri akamtazama mama yake. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta, kwa kuwa mkono mmoja ulikuwa umeshika blauzi na mwingine umeshika kiuno.

Mukabalisa alirudi kwenye valizi, akaifunga. Ile kufuli ilipolia, moyo wangu ulikwenda nayo.

"Valizi narudi nayo," akasema. "Leo hakuna posa. Muntu haposi mahali alipoitwa mwizi." Akamtazama Teta pale chini kati ya mapindo. "Wewe, inuka, utachafua nguo. Ulinikosea, lakini najua ulikuwa unamuficha nani." Kisha kwangu: "Kitenge kibaki kwako. Wewe ni fundi. Rudisha pindo langu mahali pake, kwa mukono wako, si wa mutoto. Jumapili nakuja tena. Nikikuta umekivaa, na shangazi yake akalisoma pindo langu kwa sauti, vile alivyosoma lile la uongo, mbele ya hawa hawa bantu, basi tutaongea mambo ya batoto. Asipolisoma, tutasalimiana tu na nitarudi kwangu."

Tumukunde akafungua mdomo. Nikamtazama. Akaufunga.

Niliwasindikiza hadi barabarani, kama adabu inavyotaka, mkono mmoja umeshika kiuno. Waliopita walinipa pole wakidhani naumwa mgongo.

Sasa ndiyo hivyo. Leo ni Ijumaa, na hiki hapa mapajani ndicho kitenge. Nimeshona kwa mkono, polepole, kwa uzi wa kijani uleule. Tumukunde alipita asubuhi. Alisimama mlangoni bila kuingia, akaniuliza nimefika wapi. Nikamwonyesha. Akalishika pindo, akalisoma chini chini, akakwama kwenye herufi, akaanza upya. Sikumcheka. Alipoondoka hakuniambia kama atakuja Jumapili, na mimi sikuwa na uso wa kumuuliza. Teta yuko chumbani, anasahihisha madaftari ya wanafunzi, hajala vizuri tangu siku ile.

Kuna jambo moja linanisumbua. Teta alipokata, mkasi ulikwenda upande kidogo, na kitenge kikapoteza kipande. Kuku wa ukingoni hawakutani tena na miguu yao. Nimefumua, nimeshona upya, nimevuta, nimepiga pasi yenye maji. Mshono unaonekana. Mtu yeyote atakayenitazama Jumapili atauona, naye atauliza ni fundi gani aliyeharibu hivi. Nitavaa hivyo hivyo.